If-else za waifai, bando na Bluetooth

Mkuu, umesema programu yako ina if-else ("kama ni hivi fanya hivi, la sivyo fanya vile") kila faili kuangalia kama simu iko kwenye waifai, bando au Bluetooth, na ukiongeza aina moja kila kitu kinavurugika. Naijua hiyo hali, inachosha sana. Tengeneza intafesi moja (orodha ya kazi ambazo kila aina lazima iweze kuzifanya), iite Muunganisho, iwe na fungua(), tuma() na funga(), halafu kila aina iwe na klasi yake (kipande chake cha kodi, yaani code) inayofanya hizo tatu kivyake, hiyo ndo paterni ya Strategy. Kuchagua ipi itumike muachie Factory mmoja tu (klasi ambayo kazi yake ni kukupa aina inayofaa), kodi nyingine zote ziite tuma() basi.

Ila kwa Android usiulize "hii ni waifai?", uliza kama mtandao una NET_CAPABILITY_NOT_METERED (alama ya Android kwamba mtandao huo hauhesabiwi MB), maana waifai ya hotspoti ya mshkaji nayo inakula bando lake. Na mtu akitoka nje katikati ya kupakia picha waifai inakata, kwa hiyo sikiliza onLost() ya NetworkCallback (Android inaita hiyo kukuambia mtandao umepotea), badilisha klasi hapo hapo, na kama seva inaruhusu endelea pale ulipoishia, ukianza sifuri utammalizia mtu MB zake bure.

Kwenye majaribio weka MuunganishoFeki inayokata kila ukituma mara ya tatu, utaona mapema programu inaganda wapi.