Kabla Hujang'oa Feni ya Mkanda

Canter ya kwanza niliyoing'oa feni ya mkanda, ile ya kupoza rejeta inayozungushwa na injini yenyewe, nikaifunga feni za umeme ilinigharimu gasketi ya hedi, nauli ya kwenda na kurudi Iringa, na tajiri mmoja ambaye hadi leo akipita mbele ya gereji anapiga honi tu, hasimami. Nawaandikia mnaoanza, hasa vijana wa umeme wa magari, maana kazi hii inakuja sana siku hizi na wengi mnaipokea kama mnabadilisha pangaboi.

Lile gari lilikuwa la mizunguko ya mjini, linabeba vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, na kwenye foleni lilikuwa linachemsha. Tajiri akasikia kijiweni kwamba dawa ni feni ya umeme. Akaenda Shaurimoyo akanunua mbili, mitumba, za volti 12, akaniletea. Canter ile ilikuwa ya volti 24. Nikajiona mjanja: 12 na 12 si 24? Nikaziunga mfululizo, umeme uingie ya kwanza utokee ya pili, nikaweka swichi kwenye deshibodi, nikapokea hela yangu. Wiki mbili mjini gari likawa limetulia kabisa. Wiki ya tatu wakapata mzigo wa saruji wa kwenda Iringa. Saa tisa usiku simu ikaita, dereva yuko katikati ya mlima Kitonga.

"Fundi, geji ilipanda, halafu ikashuka yenyewe, tukajua imepoa."

Hapo mdogo wangu ujue hedi, kile kichwa cha juu cha injini, imeshaingia matatani. Sensa ya temperecha inasoma maji. Maji yakishuka chini yake inabaki inasoma mvuke na hewa, na mshale unaweza kurudi chini huku injini inaungua. Geji ikishuka ghafla mlimani na mguu bado uko kwenye mafuta, zima gari kwanza, maswali baadaye. Na dereva umwambie hivyo siku unamkabidhi gari, usingoje akupigie.

Nilipofika nikakuta kaboni ya feni moja, ile inayopeleka umeme ndani ya mota, imekwisha. Kwa kuwa nilikuwa nimeziunga mfululizo, moja ilipokatika na ya pili ikakata pumzi. Feni mbili zilizofungwa namna hiyo ni sawa na feni moja yenye nafasi mbili za kuharibika. Na hata zikiwa nzima hazigawani volti sawasawa, ile inayozunguka kwa uzito inachukua chake na nyepesi inachukua chake. Njia nyingine ya mkato ambayo utaambiwa ni kuchukua volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Usiifanye. Betri ile inachoka kuliko mwenzake, alternata inaendelea kuzichaji kama pacha, moja inabaki na njaa na nyingine inavimbiwa, na baada ya miezi michache tajiri ananunua betri mbili. Gari la 24 lifungwe feni za 24 na rilei za 24, zile swichi zinazowashwa kwa umeme.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa la nyaya. Nilifunga feni kabla sijauliza kwa nini gari linachemsha. Hedi iliposhuka, tulipofungua rejeta, njia za maji za upande mmoja zilikuwa zimeziba kwa kutu na chokaa ya maji ya bomba ya miaka mingi. Feni nilizofunga zilipoza nusu rejeta, na mjini nusu rejeta inatosha.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniletea feni mkononi, namwambia aziweke chini kwanza. Natoa thamostati, vali inayofungulia maji ya moto yaende kwenye rejeta, naichemsha kwenye sufuria pamoja na kipimajoto, naangalia kama inaanza kufunguka kwenye namba iliyopigwa mhuri juu yake. Nyingi za dizeli ni kama nyuzi 76 au 82. Napapasa rejeta gari likiwa limepata moto na limezimwa, nikitafuta sehemu iliyobaki baridi. Naangalia mfuniko wa rejeta, kwa sababu presha ya mfuniko ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema: wa baa 0.9 unayasogeza mpaka karibu nyuzi 118 kwa hapa pwani, na ukipanda juu kiwango kinapungua. Iringa, huko juu kwenye mita 1,500 na zaidi, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo mfuniko uliochoka ambao Dar unaonekana mzima, kule unamwaga. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, nafungua mfuniko, nawasha, naangalia mapovu. Yakija mfululizo gasketi imeshaachia, hapo feni haihusiki. Halafu feni klachi yenyewe, kile kitovu chenye silikoni kinachoishika feni ya mkanda: naizungusha kwa mkono injini imezimwa, iwe na uzito. Ikizunguka kama gurudumu la baiskeli, au ina mafuta yaliyovuja na kushika vumbi katikati, silikoni imetoka. Nusu ya magari yanayoletwa kwangu yafungwe feni za umeme yanarudi nyumbani na feni klachi nyingine na rejeta iliyosafishwa, na nusu hiyo hainiletei lawama.

Sasa tuseme mfumo mzima uko sawa na mteja bado anataka umeme. Piga hesabu. Injini ya Canter yenye nguvu za farasi 120 ni kama kilowati 90. Mlimani na mzigo, joto linaloingia kwenye maji linaweza kufika kilowati 50 hadi 60. Feni nzuri ya umeme inaandikwa inasukuma labda mita za ujazo 3,400 za hewa kwa saa, ambayo ni karibu kilo moja ya hewa kwa sekunde. Kilo moja ya hewa inabeba kilojuli moja kwa kila nyuzi moja. Hewa ikiingia na nyuzi 30 ikatoka na 65, imebeba kilowati 35. Unaona kama feni mbili zinatosha na chenji inabaki. Haitoshi, kwa sababu upepo ule ulioandikwa umepimwa feni ikipuliza bila kizuizi. Mbele yake ukiweka rejeta, kondensa ya AC na matope ya masika, unaweza kubaki na nusu. Feni mbili zinakuwa kilowati 35 tu, na gari liko gia ya pili, upepo wa mwendo haupo.

Feni ya mkanda haina hesabu hii. Injini ikizunguka kasi mlimani nayo inazunguka kasi, inachota nguvu moja kwa moja. Ndiyo maana kwenye malori makubwa, matrela yale, huoni mtu anafunga feni za umeme: feni ya lori kubwa ikiwa kasi kamili inaweza kula kilowati 20 au zaidi, na ukitaka kuipa hizo kwa mfumo wa 24 utahitaji zaidi ya ampea 700. Waya wa kubeba hizo utakuwa mnene kama kidole gumba, na hakuna alternata ya kawaida ya lori inayozitoa. Ukiletewa trela la kubadilisha, kataa kwa heshima.

Inapofaa ni gari dogo la mjini, pikapu au Canter isiyotoka Dar, inayosimama foleni injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta. Pale feni ya mkanda inazunguka polepole, na ya umeme inatoa upepo wake wote. Faida nyingine utaiona mvua zikijaa Jangwani: unaizima kabla ya kuingia kwenye maji, haikurushii maji injini nzima wala pangaboi halijikunji likaikata rejeta. Ila angalia, foleni ndipo alternata inapokuwa dhaifu. Ile iliyoandikwa 24V 40A haikupi 40 gari likiwa sailensa. Pima kwa klempu mita: taa zote, wipa, AC, feni zote, injini chini kabisa. Volti za betri zikianza kushuka chini ya 25 na hazirudi, unakula betri. Wakati wa kuwaka feni inavuta mara mbili au zaidi ya kawaida yake, kwa hiyo usiziwashe pamoja. Moja ianze nyuzi 90, ya pili 95. Kama thamostati ni ya 82, usiweke swichi ya 80, maana feni itazunguka siku nzima kabla hata thamostati haijafunguka vizuri.

Kila feni iwe na fyuzi yake na rilei yake. Fyuzi ikae karibu na betri, maana waya unaotoka betri hadi fyuzi hauna anayeulinda. Unene wa waya vijana mnauchezea mno. Chukua pikapu ya volti 12, feni inavuta ampea 25, umetumia waya wa milimita za mraba 2.5 urefu wa mita 4: unapoteza volti 0.7 njiani, na hiyo ni chanya peke yake. Weka wa 6. Hasi nayo iwe waya kamili hadi kwenye chesisi iliyokwanguliwa rangi, usiibane kwenye bati lenye kutu.

Feni usiitundike kwa zile kamba za plastiki zinazopenya kwenye mapezi ya rejeta. Mtikisiko wa barabara ya vumbi utasaga bomba la maji mpaka litoboke. Tengeneza fremu ya bati inayoshika kwenye masikio ya rejeta, na kava linalofunika rejeta yote, lisiwe duara la feni tu. Bila kava unapoza duara na pembe nne zinabaki na moto. Mshale wa upepo uangalie pia. Feni ya kuvuta ukiigeuza nyaya itapuliza kweli, lakini mapanga yake yamepinda kwa upande mwingine na upepo wake utakuwa wa kuombea.

Kitu kimoja kinachowaumiza wengi: kwenye injini nyingi bolti za feni ndizo hizo hizo zinazoshika puli ya pampu ya maji. Ukiitoa feni, bolti zinakuwa ndefu, unazikaza unadhani zimebana kumbe zimegota mwisho na puli inacheza. Weka washa au tafuta bolti fupi. Mkanda wenyewe unabaki, pampu na alternata bado vinauhitaji.

Rilei iwashwe kwa umeme wa funguo, ili feni isije ikaanza yenyewe wakati vidole vyako viko ndani. Swichi ya deshibodi iwe ya kuwasha kwa nguvu tu, isiweze kuzima ile ya joto. Ya kuzima kwenye maji iwe pembeni na taa nyekundu ibaki inawaka mpaka dereva airudishe. Halafu kabla hujakabidhi, panda nalo vilima vya Pugu likiwa na mzigo, wewe mwenyewe ukiwa ndani.

Canter yangu ya Kitonga niliirudishia feni ya mkanda, rejeta ikabadilishwa, na mpaka tajiri alipoiuza ilikuwa inapanda Iringa kila wiki. Zile feni mbili ninazo bado. Moja nimeitilia kaboni mpya, iko ukutani gereji, inanipuliza mchana.