Mianga ya Kaskazini: Jibu kwa Mpiga Picha wa Nakuru

Wiki jana msomaji mmoja, mpiga picha wa harusi mjini Nakuru, aliniuliza kama inafaa adunduize fedha ili aende Norwei kupiga picha za mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku na kuchochewa na jua, au kama amechelewa, kwa kuwa ilitangazwa mwaka 2024 kwamba jua limefikia kilele cha mzunguko wake wa miaka 11, kipindi ambacho mianga huwa mingi. Hajachelewa. Ninamjibu hadharani kwa sababu najua wengi wenu mna ndoto hiyo hiyo, na mimi niliyezaliwa Kisumu nilikwenda nikarudi na picha ninazojivunia.

Habari za viza na ndege ninaziruka. Nilifika Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, karibu na nyuzi 70 kaskazini ya ikweta, mwezi wa Machi. Wageni wenzangu walikesha wakitazama kipimo cha Kp kwenye simu, yaani kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia, kinachoanzia 0 hadi 9, wakingoja namba ipande. Mimi nilitazama mawingu. Mji huo uko chini ya ukanda wenyewe wa mianga, hivyo hata Kp ya 2 inaweza kutosha, lakini mianga huwaka takriban kilomita 100 kwenda juu, na wingu likitanda hakuna dhoruba ya jua itakayokusaidia. Pwani ilipofunikwa, dereva wetu alitupeleka bara, kwenye bonde la Skibotn, ambako milima huzuia unyevu wa bahari. Huko niliona kwanza utepe mweupe niliodhani ni ukungu. Kamera ikanionyesha kuwa ni kijani, rangi itokanayo na oksijeni, na punde utepe ukajikunja, ukawa kijani hata kwa macho matupu, ukingo wake wa chini ukimetameta kwa waridi.

Kijani hicho ndicho kilichoniletea maneno nyumbani. Wapiga picha wenzangu, watu tuliogawana kazi kwa miaka, walisema nimepaka rangi kwa kompyuta. Iliniuma, na inaniuma bado. Kamera hukusanya nuru kwa sekunde kadhaa, jambo ambalo jicho haliwezi, na huo si udanganyifu. Kwa hiyo nakusihi: hifadhi faili ghafi, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera, usiongeze rangi, na mweleze mtazamaji kile ambacho macho yako yaliona.

Mazoezi yaanze hapa nyumbani. Mimi nilijifunzia ufuoni Dunga, Kisumu, usiku usio na mwezi, nikipiga picha taa za wavuvi wa omena: stendi imara, lenzi iliyofunguliwa hadi f/2.8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi nuru) 1600 au 3200, sekunde 5 hadi 15, na kulenga kwa mkono kwa kutumia nyota angavu. Mianga ikienda kasi, punguza sekunde, la sivyo mikunjo yote itageuka doa moja. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti, kwa maana baridi huzimaliza upesi, na kamera ifungwe mkobani kabla hujaingia ndani, ikae humo hadi ipate joto la chumba, ili lenzi isishike umande.

Nenda kati ya Septemba na Machi. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Julai jua la Tromsø halizami, na huko angani hutaona mianga yoyote ya kupiga picha.