Niliibana video hadi uso wa mwizi ukapotea

Juzi msomaji ameniandikia: "Fundi, kamera zangu nane nikizifungua kwenye simu zinaganda. Nishushe bitireti hadi ngapi?" Bitireti ni kiasi cha data ambacho video hutumia kila sekunde. Swali hilo limenichoma. Niliwahi kulijibu vibaya, na aliyeumia ni mteja wangu.

Alikuwa mzee mwenye ghala. Nilimfungia kamera nane, picha safi, nikaondoka kifua mbele. Wiki haijaisha akanipigia: simu inaganda. Nikarudi, nikaingia kwenye mipangilio ya rekoda, nikashusha mkondo mkuu wa kamera zote, yaani video inayorekodiwa, kutoka megabiti 4 kwa sekunde hadi kilobiti 512. Simu ikawa laini. Mzee akanishukuru sana, nami nikajiona fundi kwelikweli.

Kisha ghala likavunjwa usiku. Tulikaa mbele ya skrini, mimi, mzee na mwanawe, tukarudisha video hadi saa nane. Mtu anaingia, anageuka, anaitazama kamera. Nikasimamisha picha, nikaikuza. Palipotakiwa kuwa na macho palikuwa na vimraba vitatu vya kijivu. Mzee akaniuliza taratibu, "Fundi, huyu ni nani?" Sikuwa na jibu. Swali lile bado nalisikia.

Rekoda nyingi hupokea mikondo miwili kutoka kila kamera. Mkuu huandikwa kwenye diski, mdogo ni wa kutazamia kwa mbali. Mimi niliuchinja mkuu ili kuiridhisha simu. Na usiku mambo huwa mabaya zaidi: mwanga ukipungua picha hujaa chenga, chenga hubadilika kila fremu, yaani kila picha moja moja inayounda video, na kula biti, uso ukabakiwa na makombo.

Siku hizi kwa picha ya 1080p naweka fremu 15 kwa sekunde, megabiti 4 kwa H.264 (njia ya kubana video), na fremu kamili, isiyotegemea zilizotangulia, kila baada ya fremu 30, yaani kila sekunde 2. Kamera na rekoda zikikubali H.265, njia mpya zaidi ya kubana, bitireti naishusha karibu nusu bila picha kuharibika. Mkondo mdogo naupa 640 kwa 360, fremu 10, kilobiti 512. Simu ikitazama kamera nane kwa mkondo mdogo, intaneti inapandisha kama megabiti 4. Kwa mkondo mkuu ingehitaji 32. Kuganda kote kulitoka hapo.

Najua utaniambia diski inajaa. Kweli: megabiti 4 ni takriban gigabaiti 43 kwa siku kwa kamera moja. Nane ni karibu 346, na diski ya terabaiti 2 haifikishi siku 6 kabla ya kuanza kujifuta. Basi mwambie mteja ukweli huo mapema, aongeze diski au mhamie H.265. Ndugu zangu mafundi, mteja haijui bitireti, anakujua wewe. Usimpunguzie ushahidi kimyakimya ili asikupigie simu.

Kwa hiyo ndugu uliyeniandikia, mkondo mkuu usiushushe. Fungua ukurasa wa mkondo mdogo, weka kilobiti 512, kisha kwenye programu ya simu chagua mkondo huo. Leo usiku taa zikizimwa, pita mbele ya kila kamera kwa mwendo wa kawaida, halafu rudisha video na usimamishe picha. Kamera ambayo hutajitambua, pandisha bitireti ya mkondo wake mkuu au iongezee taa, upite tena.