Jibu: Gold Cup ya Cheltenham, nimbetie tu anayepewa nafasi kubwa?

Mkuu, umeuliza kama kwenye Cheltenham Gold Cup, mbio kubwa ya farasi wa kuruka vizuizi kule Uingereza, inatosha kumbetia farasi mwenye odi ndogo kuliko wote. Mimi simgusi. Mwaka 2025 Galopin Des Champs aliingia akiwa bingwa wa miaka miwili mfululizo, odi yake haifiki hata 2, akamaliza wa pili nyuma ya Inothewayurthinkin. Mikeka ilichanika siku ile, wangu ukiwemo.

Hii ni mbio ya Daraja la 1, ngazi ya juu kabisa, na uzito wanaobebeshwa farasi ni sawa, ila majike na wenye miaka mitano ndio hupunguziwa. Usipoteze muda na hesabu za kilo kama kwenye Grand National, mbio ambako farasi bora hubebeshwa uzito zaidi. Tazama pumzi. Ni zaidi ya kilomita 5, vizuizi 22, na baada ya kile cha mwisho kuna mlima mpaka mstari wa kumalizia. Farasi wa kilomita 3 na ushee atafika pale anang'aa, halafu utamwona jokii (mpanda farasi) anamsukuma kwa mikono na hasogei. Hali ya ardhi iangalie asubuhi ileile, mvua hubadilisha kila kitu.

Dau ligawe: nusu ashinde, nusu aingie nafasi za juu. Wakikimbia 8 au zaidi, kawaida nafasi tatu hulipwa moja ya tano ya faida ya odi (odi ukitoa 1), na dau la upande huo linarudi. Ukiweka 10,000 kila upande kwa odi 8.5, akawa wa tatu, dau la ushindi linapotea na lile la nafasi linakupa 25,000. Wakiwa 7, nafasi ni mbili tu, kwa hiyo hesabu vichwa kwanza.