Hukumu yako iliyotenguliwa

Marahaba, mwanangu.

Juzi kwenye simu uliniuliza kama hakimu ambaye hukumu yake imetenguliwa na Mahakama Kuu anastahili kuendelea na kazi, na kama ndoto ya ujaji imekufa. Sauti yako ilinipa wasiwasi, ndiyo maana nakuandikia.

Hukumu zangu nazo zilitenguliwa, tena nikiwa jaji. Juu ya Mahakama Kuu kuna Mahakama ya Rufani tangu 1979, na kazi ya jaji mmoja hukaguliwa huko na watatu. Iliniuma kila mara, lakini kesho yake niliingia mahakamani kama kawaida.

Itafute kesi ya Mbushuu uisome yote. Mwaka 1994, hapa hapa Dodoma, Jaji James Mwalusanya aliwatia hatiani watu wawili kwa mauaji. Sheria ilimpa adhabu moja tu, kunyongwa. Akasema adhabu hiyo ni ya kikatili na inavunja Katiba, akawapa kifungo cha maisha. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikatengua. Lakini soma kwa makini: majaji wale walikubaliana naye kwamba kunyonga ni ukatili unaodhalilisha utu, walichokataa ni kwamba Katiba inakataza, kwa sababu ya Ibara ya 30, inayoruhusu sheria kuwekea haki mipaka kwa maslahi ya umma. Juni mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikafuta adhabu ya kifo, na katika hukumu yake iliijadili kesi hii ya kwetu. Wangejadili nini kama Mwalusanya angeandika nusu ukurasa bila sababu?

Ujaji usikunyime usingizi sasa. Rais huteua baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na Katiba inataka uzoefu usiopungua miaka 10. Bado unao muda.

Kinachonihangaisha mimi ni yule mzee wa Kondoa aliyeshindwa mbele yako. Je, akiisoma hukumu yako atajua kwa nini ameshindwa? Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Usikimbilie Kiingereza kwa mazoea. Mwandikie yeye kwanza, majaji wa juu baadaye.

Nitumie nakala za hukumu zote mbili, yako na ya Mahakama Kuu. Nitazisoma kabla hujaja Jumamosi.

Baba yako