Fanusi ya mbao: angalia paa kwanza
Kaka, umeuliza kwa fanusi yako ya mshumaa utumie mbao ya mninga au paini. Kwa fanusi ya kwanza chukua paini: ni laini, inakatika vizuri kwa msumeno wa mkono, na ukiharibu kipande huumii mfukoni. Mninga unapendeza zaidi, lakini uache kwanza mpaka mkono uzoee.

Ila mbao si tatizo. Kwenye mchoro wako paa limefunikwa kabisa, na moto wa mshumaa unapanda juu. Hapo mbao itaungua polepole na kuwa nyeusi, au hata kushika moto. Liinue paa kwa vijiti vinne vya pembeni, uache nafasi ya sentimita 3 hivi hewa ya moto itoke, na chini ya paa hilo pigilia kipande cha bati. Toboa pia matundu machache sehemu ya chini ya fanusi, la sivyo mshumaa utakosa hewa na kutoa moshi. Mshumaa wenyewe uwe mfupi na mnene, ukae juu ya kigae.

Kioo cha milimita 3 kinatosha. Usikibane wala kukigandisha kwa gundi, kwa sababu kikipata joto kinatanuka. Kishikilie kwa vijiti vyembamba vilivyopigwa misumari midogo, kiwe kinacheza kidogo tu.

Gundi ya kuunganisha mbao iache ikauke usiku kucha, mbao zikiwa zimebanwa kwa jiliwa (kibanio cha fundi) au kamba iliyokazwa. Vanishi paka nje tu, ndani acha mbao tupu.

Na kama itakaa karibu na mapazia, weka mshumaa wa betri.