Maswali na Majibu: Cha Juu cha Dalali ni Mali ya Nani?

Mjane mmoja ananiuzisha nyumba yake ya kupangisha kwa milioni 60. Nimempata mnunuzi wa milioni 85. Mama atapata alichotaja, nami nitabaki na cha juu, milioni 25, hivyo hakuna anayeumia. Je, nalazimika kumweleza? (Dalali, Kimara, Dar es Salaam)

Unalazimika. Dalali aliyetumwa na mwenye mali ni wakala wake, na Sheria ya Mikataba ya Tanzania haimruhusu wakala kujinufaisha kwa siri katika kazi aliyotumwa. Mwenye mali akigundua, anaweza kuidai faida hiyo. Unaandika kwamba hakuna anayeumia kwa kuwa mama huyo atapata alichotaja. Alitaja milioni 60 kwa sababu hakujua kuwa milioni 85 zipo, nawe unajua.

Tazama pia karatasi zenyewe. Mkataba ukiandikwa milioni 85, mjane atadaiwa kodi ya fedha ambazo hakuzishika: kwa kiwango cha asilimia 10 ya faida, kinachotozwa mkazi mwenye kumbukumbu za gharama zake, milioni 25 hizo zinaongeza kodi ya milioni 2.5. Ukiandikwa milioni 60, mnunuzi ndiye atakayeumia siku atakapouza, kwa kuwa gharama yake itahesabiwa pungufu, na wote watatu mtakuwa mmetia saini uongo. Dai kamisheni yako waziwazi, kwa asilimia mliyokubaliana kabla ya kazi kuanza.

Je, kama mwenye nyumba mwenyewe amesema, "Nipe zangu, za juu ni zako"? (Dalali, Morogoro)

Maneno hayo yana uzito pale tu aliyeyatamka alipokuwa anaijua bei ya soko. Mwoneshe nyumba za jirani zimeuzwa kwa kiasi gani, mshauri amtafute mthamini aliyesajiliwa, kisha andikeni makubaliano yenu. Akiendelea kusema hivyo baada ya hayo yote, ni ridhaa. Mimi nimeona wazee wakitamka maneno hayo kwa sababu tu dalali aliwatisha kwamba mtaa wao hauna wateja, na ridhaa iliyopatikana kwa kitisho cha uongo siihesabu kuwa ridhaa.

Mke amesafiri. Mume anaweza kuuza nyumba peke yake? (Wasomaji watano, mwezi huu pekee)

Hapana. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinadai ridhaa ya mwenza katika kuuza nyumba ya ndoa, na nimelijibu swali hili mara nyingi mno. Mpigieni simu, mngojeeni arudi.

Dalali anataka hati halisi "akamwoneshe mnunuzi". Nimpe? (Mama mwenye nyumba, Tanga)

Usimpe, mama. Nakala inatosha, na mnunuzi wa kweli atakwenda kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Hukuuliza hili, lakini usitie saini makubaliano ya udalali yasiyo na tarehe ya ukomo.

Niko Chicago. Nafunga mkataba na mwenye nyumba aliyelemewa na deni la benki, kisha namuuzia mwekezaji mkataba huo. Ni halali?

Jimbo lako la Illinois, tangu 2019, linadai leseni kwa anayefanya hivyo zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12; jimbo la Oklahoma nalo liliweka sharti la leseni mwaka 2021. Hata ukiwa na leseni, kabla mwenye nyumba hajatia saini mwambie kwamba wewe si mnunuzi, kwamba utauza mkataba wake kwa faida, na kwamba mwekezaji asipopatikana huna fedha za kumlipa. Hilo la mwisho ndilo linalofichwa zaidi, na ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu wakati nyumba imefungwa na mkataba wako, tarehe ya mnada wa benki inazidi kukaribia na mnunuzi mwingine hawezi kumwokoa. Usichukue saini yake siku hiyohiyo. Mwachie karatasi awaoneshe wanawe na mwanasheria, nawe urudi baada ya siku 3.